Pambo la Idi Bila Mkopo: Vipuli, Bangili na Vidani vya Kutengeneza Nyumbani

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo wanaume wengi wataliona dogo, na kina mama watanielewa kabla sijamaliza sentensi. Ni vipuli, bangili na vidani vya mabinti zetu siku ya Idi, na pesa za kuvinunulia zinatoka wapi.

Naandika kutoka Londiani, kaunti ya Kericho, karibu kilomita 700 kutoka Mombasa. Ni mji mdogo wa baridi, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wenye misitu, viazi na mahindi. Ukielekea Kericho ndipo mashamba ya chai yanapoanza kutanda. Watu wa Pwani tuko wachache hapa: madereva wa malori na familia zao, walimu, watumishi wa serikali, wenye maduka. Siku ya Idi watoto wetu hawana uwanja wa Makadara wa kwenda kupanda bembea. Wanachoweza kuonyeshana ni nguo na mapambo tu, na hapo ndipo tabu inapoingia.

Wiki moja kabla ya Idi iliyopita alinijia dada mmoja mwenye mabinti watatu. Mumewe alikuwa safarini na mshahara ulikuwa haujaingia. Alikuwa amekwisha kopa shilingi 3,000 kwenye simu ili anunue seti tatu za vidani na vipuli vya rangi ya dhahabu.

"Dadangu, wanangu wataonekana kama mayatima mbele ya wenzao," aliniambia.

Nikamuuliza atarudisha kiasi gani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Najua, dada. Kuna nyongeza juu yake. Lakini Idi ni Idi."

Tupige hesabu. Mkopo wa shilingi 3,000 ukitozwa asilimia 8 kwa mwezi, nyongeza ni shilingi 240. Ukishindwa kulipa mwezi wa kwanza, nyingine inafuata, na mwezi huo wa kwanza ndio huo huo wa kodi ya nyumba na karo. Wapo wanaosema ile ni ada wala si riba. Mimi si mwanachuoni. Waulizeni mashekhe wenu. Ninalolijua ni kwamba tumefunga siku 29 au 30 tukijizuia hata na maji ya halali, kisha tunaifungua Shawwal kwa deni la kitu ambacho rangi yake itabanduka kabla ya Idi Kubwa.

Sisemi watoto wasipambwe. Kupendeza siku ya Idi ni sunna, na mtoto wa kike ana haki ya kung'ara. Ninachosema ni kwamba pambo linaweza kutengenezwa nyumbani kwa vitu vya bei rahisi, likapendeza, na wala hatutakuwa tumezusha jambo geni. Watu wetu walifanya hivyo muda mrefu.

Tumetoka kwenye karatasi na makombe

Tazama picha za zamani za wanawake wa Zanzibar na Mombasa, zile zilizouzwa kama kadi za posta mwanzoni mwa karne ya 20. Utaona masikio yenye ndewe kubwa, na ndani ya ndewe yamo majasi. Wenye uwezo walivaa ya fedha. Wengi walivaa ya karatasi za rangi, zilizoviringishwa zikabana hadi zikawa kama kifungo kikubwa cha mistari. Ilikuwa karatasi tu, na wanawake hao walikwenda nayo kupigwa picha. Hakuna aliyewaita maskini.

Rudi nyuma zaidi. Kule kisiwa cha Pate, Lamu, kuna magofu ya mji uitwao Shanga. Mtaalamu Mark Horton alianza kuchimba pale mwaka 1980, na miongoni mwa vilivyopatikana ni vigae vya vyungu vilivyovunjika vikiwa na mifereji iliyochimbika kwa kusuguliwa. Watu walikuwa wakichukua vipande vya makombe ya baharini, wakavisugua kwenye vigae hivyo hadi vikawa duara, wakavitunga. Hayo ni mambo ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, katika mji huo huo uliokuwa na misikiti ya mwanzo kabisa katika pwani yetu. Chungu kilichovunjika na kombe lililotupwa na mawimbi vilikuwa karakana ya shanga.

Na kwa wale wanaodhani pambo la bei rahisi halina heshima katika dini, nikumbushe mambo mawili. La kwanza ni kisa cha kidani alichokiazima Bibi Aisha kwa dada yake Asmaa. Kilipotea safarini, watu wakasimama kukitafuta mahali pasipo na maji, na katika safari hiyo ikateremka aya ya kutayammam. Mke wa Mtume (SAW) alikuwa amevaa kidani cha kuazima.

La pili limepokewa na Ibn Abbas katika Sahihi Bukhari. Siku ya Idi, baada ya Mtume kuswali, aliwaendea wanawake pamoja na Bilal akawahimiza watoe sadaka, nao wakaanza kuvua vipuli na vidani vyao. Neno lililotumika kwa vidani hivyo ni sikhab, na wanachuoni wamelieleza kuwa ni kidani cha manukato, chenye vitu kama karafuu zilizotungwa kwenye uzi, bila lulu wala vito. Kwa hiyo katika Idi ile ya Madina walikuwamo wanawake waliovaa kiungo cha pilau shingoni, na pambo hilo hilo likakubaliwa kuwa sadaka.

Baada ya hayo, twende jikoni na mezani.

Vitu vya kutafuta

Hapa Londiani hakuna duka la vifaa vya mapambo. Vingi nilivipata katika duka la vitabu, kwa fundi cherehani na katika duka la vipodozi. Vilivyobaki niliagizia Nakuru. Aliyeko Mombasa atavipata vyote Marikiti na Barabara ya Biashara kwa asubuhi moja. Utahitaji:

- kalenda kuukuu au magazeti yenye karatasi ya kung'aa;
- gundi nyeupe, ile ya mbao au ya shule;
- uzi wa nailoni, au uzi mnene wa kushonea viatu;
- paketi mbili za shanga ndogo za kioo au plastiki, rangi mbili zinazopatana;
- kulabu za vipuli;
- chupa za plastiki za nusu lita;
- leso kuukuu au vipande vilivyobaki kwa fundi;
- karafuu nzima, nusu kikombe;
- rangi ya kucha isiyo na rangi, au vanishi ya maji;
- sindano, mkasi, rula na njiti za meno.

Kwa wasichana wanne mwaka jana, vitu nilivyonunua havikufika shilingi 600, na gundi na shanga zilibaki.

Jambo moja kabla ya kushika mkasi. Kalenda nyingi katika nyumba zetu ni za misikiti, madrasa na maduka ya Waislamu, na zina aya, jina la Allah au ratiba ya swala yenye Bismillahi juu yake. Hizo usizikate. Ziweke kando uzihifadhi kwa heshima. Tumia kalenda za benki, za mbegu, za mbolea. Huku kwetu kalenda za kampuni za mbegu ni nyingi, na kijani cha mahindi kinatoa shanga nzuri kweli.

Kidani cha shanga za karatasi

Waganda ndio wameifanya kazi hii ijulikane duniani. Kuanzia mwaka 2004 shirika la BeadforLife liliuza ng'ambo shanga za karatasi zilizotengenezwa na wanawake wa Uganda, na wengi walisomesha watoto kwa kazi hiyo. Kanuni yake ni rahisi.

Kata karatasi iwe pembetatu ndefu na nyembamba: kitako sentimita 2, urefu sentimita 30 hivi. Karatasi moja ya ukubwa wa kawaida wa ofisi, ukiipangilia moja juu moja chini, inatoa pembetatu karibu 20. Weka njiti ya meno kwenye kitako na uviringishe kuelekea nchani, ukiibana sawasawa na kuhakikisha ncha inabaki katikati. Paka gundi kidogo kuanzia nusu ya mwisho, si mwanzoni, la sivyo shanga itashikana na njiti. Ikifika mwisho ivute polepole itoke. Umepata shanga iliyonenepa katikati na kuchongoka pembeni, na rangi zake zimejipanga zenyewe.

Changanya gundi sehemu mbili na maji sehemu moja, zitumbukize shanga, zitoe, zitundike kwenye uzi kati ya viti viwili. Zikikauka rudia mara ya pili, kisha paka vanishi. Mombasa zitakauka kutwa moja. Londiani zihesabie siku mbili, kwa sababu hewa ni baridi na ina unyevu. Kuna anayeshawishika kuziweka juu ya jiko. Usifanye hivyo: rangi ya kucha hushika moto haraka. Wala usifunge chumba na jiko la makaa ndani ili kazi iende upesi. Moshi usioonekana wa makaa umeua watu waliolala wakidhani wanaota moto.

Kidani cha msichana kina urefu wa sentimita 45 hivi. Shanga 18 za karatasi, na kati ya kila moja shanga ndogo mbili au tatu za kioo, zinatosha. Yaani karatasi moja ni kidani kimoja.

Wavulana wasiachwe nyuma. Bangili na vidani si vyao, lakini wanaweza kuviringisha shanga 33 na kumtungia babu tasbihi. Mwanangu wa kiume alianza kwa kununa, akamaliza akiwa wa kwanza kwa kasi.

Vipuli vya majasi

Haya ndiyo niyapendayo zaidi, kwa sababu ni ya bibi zetu. Kata utepe wa karatasi wenye upana wa nusu sentimita na urefu wa sentimita 30. Anza kuuviringisha kwa vidole ukibana kabisa, na utepe ukiisha gundisha mwingine wa rangi tofauti. Tepe saba hadi kumi zitakupa duara la sentimita 2. Malizia kwa gundi pande zote mbili, halafu vanishi. Ukilisukuma katikati kwa kidole kabla halijakauka, linainuka na kuwa kama kibakuli kidogo. Tia uzi kwenye ukingo, ning'iniza kwenye kulabu.

Uzuri wake ni wepesi. Vipuli vya chuma vizito huvuta tundu la sikio la mtoto, wakati haya hayahisi.

Kuhusu kulabu, nina neno. Vyuma vya bei rahisi vina nikeli, nayo ni sababu ya kawaida ya masikio kuwasha, kuvimba na kutoa maji. Nchi za Ulaya zimeiwekea mipaka ya kisheria katika mapambo ya kutoboa tangu miaka ya 1990. Nunua kulabu za chuma kisichoshika kutu hata kama ni ghali kidogo; pesa uliyookoa kwingine iende hapo. Na mtoto ambaye sikio lake halijapona vizuri, asubiri lipone kwanza.

Bangili za leso

Chupa ya maji ya nusu lita ina upana wa sentimita 6 na kitu, ambao unakaribia sana bangili ya mtu mzima mwembamba au msichana mkubwa. Pima kwanza: mwambie mtoto akunje kidole gumba ndani ya kiganja, zungushia uzi sehemu pana ya mkono, ulinganishe na chupa. Kwa mkono mdogo, kata pete ya plastiki uipunguze na kuiunganisha kwa selotepu.

Kata pete yenye upana wa sentimita 2 au 3. Ukingo wa plastiki unakata, kwa hivyo uzungushie selotepu kabla ya lolote. Kisha chana leso utepe wa sentimita 3, paka gundi ndani ya pete, na uzungushe utepe ukiupandishia nusu kwa nusu hadi plastiki yote ifunikwe. Ficha ncha ndani. Ukitaka, zungushia uzi wa dhahabu wa fundi cherehani juu yake.

Chagua pindo la leso, ambalo rangi zake zimekolea. Nasi tuna hazina nyingine: jina la leso. Ukilikata utepe mmoja bila kulivunja, maneno yatazunguka mkono. Mama mmoja hapa aliivalisha bangili ya namna hiyo kwa wifi yake bila kumwambia jina linasema nini. Wifi alilisoma wakati wa kula biriani, na ikabidi sote tucheke.

Kidani cha karafuu

Hiki ndicho kile cha hadithi. Chagua karafuu kubwa zenye kichwa. Ziloweke usiku kucha kwenye maji, na ukiwa nayo tia marashi ya mawaridi kidogo. Zikilainika sindano itapita bila kuzipasua. Toboa katikati ya mwili wake, upande hadi upande, ili vichwa vyote vitazame nje. Karafuu 40 hivi, zikitenganishwa na shanga ndogo nyekundu au za dhahabu, zinatosha kidani kimoja. Kining'inize kivulini siku mbili.

Harufu yake inadumu wiki nyingi, na ikififia unaweza kukipulizia marashi tena. Lakini mafuta ya karafuu yana ukali, na ngozi ya baadhi ya watu huwasha. Kivaliwe juu ya nguo, na kisipewe mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Tahadhari ambazo sizifanyii mzaha

Usalama ni sababu nyingine iliyonifanya niandike makala haya. Mwaka 2006 huko Minneapolis, Marekani, mtoto wa miaka 4 alifariki baada ya kumeza kipambo kidogo cha bangili kilichotolewa kama zawadi ya kununua viatu. Kilipopimwa kilikuwa karibu chote ni madini ya risasi. Kitu kinachong'aa na kisicho na maelezo ya kilichomo ndani yake hakifai mtoto mdogo, kiwe kimenunuliwa wapi.

Vya asili navyo vina hatari zake. Watu wengi hupenda kutunga mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye jicho jeusi. Ni nzuri mno, na ni sumu kali mno. Ganda lake likiwa zima sumu imefungika, lakini ukilitoboa ili upitishe uzi umeifungulia mlango. Mbegu za mbarika ni hivyo hivyo. Tafadhali hizi mbili ziacheni kabisa. Mwambie binti asiziokote hata kama ameona bangili yake mahali.

Tena, ukiwaagizia jamaa wa Lamu au Malindi wakuletee makombe, wasije wakakuletea kitu cha ng'amba. Kasa wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na kukutwa na ganda lake ni kesi. Ndala za plastiki zilizotupwa na maji ufuoni zitafaa zaidi. Huko Kiwayu, Lamu, wanawake walianza kuzikusanya na kuzichonga miaka ya 1990, na hadi leo wapo wanaoishi kwa kazi hiyo. Ndala iliyooshwa ukaikata vipande vya duara na kuitoboa inatoa shanga nyepesi ambazo maji hayaziharibu.

Mwisho ni udhu. Shanga za karatasi na bangili za leso hazipendi maji, na udhu unataka maji yafike kwenye ngozi. Mfundishe mtoto avue kabla ya kutawadha na aweke kwenye kikopo kimoja, ili asianze kutafuta wakati imamu amekwisha kutoa salamu. Na ile rangi ya kucha iliyobaki ibaki kwenye shanga.

Kina mama wa huku nao wana yao

Tulipoanza kazi hii nyumbani kwangu, jirani yangu Mkipsigis aliingia kuazima chumvi akakuta meza imejaa karatasi. Akakaa. Kwao shanga si jambo la mchezo: vibuyu vya mursik hupambwa kwa shanga na kauri, na kauri hizo asili yake ni bahari yetu. Zilipanda huku kwa misafara ya biashara kabla reli haijawekwa, na reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikapita hapa Londiani kwenda ziwani. Nilipomwambia kauri hutoka kwetu, alicheka akasema, "Basi mmekuja kuzifuata, mama?"

Nilimweleza kilio changu kingine. Kwetu Pwani sherehe haikamiliki bila asumini, koja na vikuba, na baridi ya huku haikubali asumini. Akaniambia wao wana sinendet, mmea unaotambaa msituni, ambao huwavisha watu wa kuheshimiwa shingoni na kichwani. Ndio ule mnaouona kwenye televisheni wanariadha wetu wakivishwa wanaporudi na medali. Sikuuchukua kwa mapambo ya watoto, kwa sababu una maana yake kwao na si wangu wa kuchezea. Lakini alinipa mawaridi ya uani kwake, madogo ya waridi na meupe, tukayatunga na majani ya rehani niliyopanda kwenye kopo dirishani. Havikuwa vikuba vya Mombasa, lakini nyumba ilinukia sherehe.

Binti zake wawili walibaki mezani hadi tukafuturu. Mwezi wa Disemba walinijia wenyewe, na kalenda zao mkononi, kutengeneza vipuli vya Krismasi. Mabinti zangu ndio waliokuwa walimu.

Namna ya kuanza

Kama Ramadhani imebaki kumi moja, mpango wangu ni huu. Siku ya kwanza na ya pili kateni na kuviringisha baada ya Asri, saa ile watoto wanapoulizia futari kila dakika. Siku ya tatu na ya nne shanga zikauke. Ya tano tengenezeni majasi. Ya sita na ya saba bangili. Ya saba usiku lowekeni karafuu, ya nane zitungeni. Ya tisa malizieni vidani na mjaribishe. Siku ya mwisho iachwe kwa usafi, hina na unga wa mahamri. Nyakati za usiku msiziguse; kumi la mwisho lina kazi yake.

Andika hesabu ya ulichotumia kwenye karatasi, na pembeni yake uandike ulichokuwa ukope. Tofauti yake itazame na mumeo. Kwetu sisi sehemu ya tofauti hiyo iliingia kwenye Zakatul-Fitri ya jirani, na kilichobaki kikawa mkono wa Idi wa watoto, noti mpya zisizo na deni nyuma yake.

Yule dada wa mkopo aliurudisha kwenye simu siku ile ile kabla haujazaa kitu kikubwa, na mabinti zake walivaa majasi ya kijani na dhahabu kutoka kalenda ya mbegu za mahindi. Msikitini mwanamke mmoja mgeni kutoka Nakuru aliwauliza walinunua duka gani. Mdogo wao alimjibu, "Shangazi, haya hayauzwi. Ukitaka njoo nikufundishe."

Idi njema, na Mwenyezi Mungu atukubalie sote saumu zetu.